Mbwa kijana mwenye nguvu nyingi: namna ya kumlea kwa muda mpaka apate kwake

Vitoto vya mbwa havikosi wa kuvichukua. Kikiwa na miezi miwili, kimejikunja ndani ya boksi, kila mtu anakitaka: watoto wanakigombania, baba anasema kitakuja kuwa mlinzi. Kazi inaanza kikifikisha miezi minane, tisa, kumi. Meno ya kudumu yameshatoka yote, miguu imerefuka kuliko akili, anarukia wageni, ametafuna ndala na mpira wa kumwagilia bustani, na jogoo wa jirani ameshaponea chupuchupu. Hapo ndipo anapofungwa mnyororo mchana kutwa, au anapakiwa kwenye gari akaachwe sokoni. Kwa hiyo mbwa ambaye waokoaji wa wanyama hukuomba umlee kwa muda, hapa Arusha na hata mijini kwingine, mara nyingi si kichanga wala mzee. Ni kijana dume, mwenye afya ya kutosha, asiyejua hata jambo moja la kuishi na watu ndani ya nyumba.

Ushauri wa kwanza utakaopewa ni huu: "Mkimbize, akichoka atatulia." Siukubali. Mbwa wa umri huo ukimkimbiza saa nzima kila siku, baada ya wiki chache pumzi yake imeongezeka na sasa anataka saa mbili, na wewe magoti ni yaleyale. Anachokosa kwanza ni usingizi na siku inayotabirika. Mtulize kwanza. Kumchosha kutafuata, na umchoshe kwa pua zaidi ya miguu.

Hatua ya 1: Malizana na watu

Mlezi wa muda si mwenye mbwa. Kabla mnyama hajashuka kwenye gari, iandikwe mahali, hata kama ni kwa ujumbe wa simu: nani analipa daktari, nani analeta chakula, nani ana kauli ya mwisho akiugua saa nane za usiku, utakaa naye hadi lini, na ukishindwa anarudi wapi. Wanaokasirika kwa maswali haya waachie mbwa wao.

Mwenye nyumba aulizwe, asije akagundua kwa kusikia kubweka. Majirani nao waambiwe mapema. Ukiwa na majirani Waislamu, ujue kuwa habari ya mate ya mbwa kwao ni ya ibada, si ya chuki: kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi kwetu, mate hayo ni najisi nzito, na chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Sasa fikiria kijana wako anamrukia bibi aliyetoka kutawadha. Nenda kabla. "Shikamoo bibi. Nimepokea mbwa wa kumlea kwa muda. Atakuwa kwenye kamba, hatapita mlangoni kwako, na akikusumbua niambie mimi." Maneno hayo hayachukui hata dakika, na yanazuia ugomvi wa miezi.

Na kuku. Kama jirani anafuga kuku wa kuachia, panga tangu sasa watapishana vipi na mbwa, maana kuku aliyeuawa ndiyo njia fupi kuliko zote ya kufikishwa kwa mjumbe.

Hatua ya 2: Kagua ua ukiwa umepiga magoti

Ukisimama utaona ukuta mzuri. Ukipiga magoti utaona tundu la kutolea maji ya mvua, nafasi chini ya geti, na kona ambayo udongo ni laini kiasi cha kuchimbika kwa dakika kumi. Panapopita kichwa cha mbwa kijana, mwili utafuata. Ziba kwa mawe au wavu. Kuni zilizopangwa kando ya ukuta ni ngazi, zihamishe.

Kisha ondoa vya kumdhuru. Sumu ya panya, dawa ya kuogeshea mifugo na mbolea vikae juu, kwenye kabati la kufungwa. Kama uzio wako ni wa minyaa, usimwache akatafuna matawi, kwa sababu utomvu wake ukiingia machoni unaunguza vibaya. Jalala la jikoni nalo lifunikwe. Watu wanaogopa mifupa ya kuku iliyopikwa, na wana haki, maana inapasuka vipande vyenye ncha. Wachache wanajua kuwa magunzi ya mahindi na kokwa za embe ni hatari vilevile: mbwa anameza kwa pupa, gunzi halimeng'enyeki, linaziba utumbo, na hapo dawa ni kisu cha daktari. Msimu wa mahindi ya kuchoma, chungeni ua.

Vifaa si vingi. Bakuli mbili za chuma, maana za plastiki atazila. Mkanda wa shingoni wenye namba yako ya simu, iandikwe hata kwa kalamu isiyofutika. Mkanda wa kifuani kwa ajili ya kutembea. Kamba fupi ya kama mita mbili, na nyingine ndefu ya mita kumi hivi. Godoro kuukuu au magunia ya kulalia, mahali pamoja pasipo na njia ya watu. Vitu halali vya kutafuna: ngozi ngumu ya ng'ombe iliyokaushwa, karoti nene mbichi, kumbi la nazi ukiwa unamtazama, ili ulitoe likianza kutoa vipande vya kumeza.

Hatua ya 3: Siku anayofika

Aletwe asubuhi, awe na mchana mzima wa kuzoea kabla giza halijaingia. Geti lifungwe kabla mlango wa gari haujafunguliwa. Hili litilie mkazo kwa kila mtu nyumbani, mlinzi na dada wa kazi wakiwemo, kwa sababu mbwa wengi wa kuokolewa hupotea siku za mwanzo hasa, kabla hawajajua kwamba hapa ndipo wanapolala. Kwa siku hizo avae kamba muda wote mnapokuwa macho naye, hata ndani ya ua, ikiburuzika chini. Ni rahisi kukanyaga kamba kuliko kukimbizana na mbwa.

Mzungushe uani taratibu, anuse anachotaka. Muoneshe maji, mahali pa kujisaidia, mahali pa kulala. Basi. Usimwogeshe siku hiyo hata kama ananuka, usialike shangazi zako kuja kumwona, usimpakate. Kama una mbwa mwingine, wakutane nje ya geti, kila mmoja na mtu wake, watembee sambamba kwanza, wanusane baadaye. Paka apewe chumba chake kwa siku kadhaa.

Usiku wa kwanza atalia. Kumfungia stoo peke yake ili "azoee" kunamfundisha kitu kimoja tu, kwamba akilia hakuna anayekuja. Mlaze mahali anapokusikia ukipumua, au wewe lala karibu naye, kisha umsogeze kidogo kidogo usiku zinazofuata. Kama desturi ya nyumba yenu ni mbwa kulala nje, banda liwe karibu na dirisha lako, na sakafu yake iwe juu ya usawa wa maji ya mvua.

Hatua ya 4: Daktari wa mifugo

Apelekwe mapema, ndani ya siku chache za mwanzo. Usikubali maneno ya "alishachanjwa" bila kadi. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kama daktari atakavyoelekeza. Hapa kwetu hili si jambo la kuweka viporo: karibu vifo vyote vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huu huanzia kwenye meno ya mbwa, na wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, maambukizi hukatika. Kila tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, wilaya nyingi huchanja bure. Afisa mifugo wa kata yako anajua ratiba.

Mbwa usiyejua alikotoka anaweza kuwa na virusi hivyo mwilini kwa wiki au miezi kabla hajaonyesha dalili. Kwa hiyo akimng'ata mtu, hata mkwaruzo wa jino tu, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, nenda hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, kisha mbwa awekwe chini ya uangalizi kwa siku 10. Usisubiri uone kama atachizika.

Mengine ya kumwomba daktari: dawa ya minyoo, dawa ya kupe na viroboto, chanjo ya mchanganyiko ya kuzuia parvo na distempa (magonjwa ya virusi yanayoua mbwa), na siku ya kumhasi. Kuhasi kunapunguza kuzurura kutafuta majike, ila hakumfundishi adabu; wanaotarajia dume litoke kwa daktari limekuwa mtulivu husikitika sana.

Wewe mwenyewe jifunze kuangalia fizi. Mwinue mdomo wa juu kidogo, kila siku, mkiwa mmetulia. Fizi za mbwa mzima ni za waridi. (Za baadhi ya mbwa zina madoa meusi ya asili, hizo si shida, angalia sehemu isiyo na doa.) Zikiwa zimepauka, au mkojo umekuwa kama chai ya rangi, au anatokwa damu puani, au kijana aliyekuwa akiruka juu leo hataki kunyanyuka, hiyo yaweza kuwa homa inayoletwa na kupe, na kukicha ni kuchelewa. Kutapika pamoja na kuhara damu kwa mbwa ambaye hajachanjwa, fikiria parvo na mpeleke saa hiyohiyo. Panado, diklofenaki na brufeni za kwenu zisimguse kabisa, zinaweza kumuua.

Kuhusu chakula, dona na dagaa ndivyo anavyolishwa mbwa wa nyumba nyingi, na si vibaya kwa kuanzia, mradi dagaa waoshwe mchanga na chumvi, na isiwe dona tupu yenye harufu ya dagaa. Aongezewe maini, vichwa vya kuku vilivyosagwa, yai, mboga iliyochemshwa. Vitunguu vya aina zote, zabibu na chokoleti havimfai. Kiporo cha pilau kina vitunguu, kwa hiyo hapana, hata akikutazama vipi. Ukibadilisha chakula alichokizoea, badilisha kwa kuchanganya kwa muda wa wiki hivi, la sivyo utadeki sana.

Hatua ya 5: Mfundishe kulala

Hapa ndipo kwenye kazi yenyewe.

Mbwa kijana anahitaji kulala zaidi ya nusu ya siku. Aliyetoka mtaani au kwenye banda lenye makelele hajalala hivyo kwa muda mrefu. Amekuwa akisinzia sikio likiwa wima. Mlete sasa kwenye nyumba yenye watoto, redio, wageni na bodaboda zinazopita, naye hataki kupitwa na lolote. Jioni, karibu na magharibi, anapasuka: anazunguka ua kama amechomwa, anauma pindo la kanga, anadaka mikono, anabwekea ukuta. Watu wanasema ana nguvu za ziada. Ukweli ni kwamba amefanana na mtoto wa miaka miwili aliyenyimwa usingizi wa mchana. Ukimtupia mpira wakati huo, unaongeza mafuta ya taa kwenye moto.

Mpangie siku, na siku zifanane. Mfano unaofanya kazi kwenye nyumba ya watu wanaoamka mapema:

Saa kumi na mbili asubuhi, nje kujisaidia, kisha matembezi ya polepole ya kunusanusa, wiki ya kwanza ndani ya ua tu. Saa moja, kifungua kinywa cha kutafuta kwa pua, nitakieleza hapo chini. Kuanzia saa mbili hadi saa sita, kulala, mahali pake, pazia limeshushwa au banda limefunikwa gunia upande wa jua. Saa sita, nje, mchezo mfupi, mazoezi ya dakika tano. Halafu kulala tena hadi saa kumi. Jioni matembezi ya pili, chakula, kitu cha kutafuna, na ikifika saa moja usiku nyumba ishushe sauti.

Kulala hakuamrishwi, kunatengenezewa mazingira. Mfunge kwa kamba fupi kwenye mguu wa kiti chako au kwenye kitu kizito karibu nawe, awe na godoro lake na kitu cha kutafuna, na wewe ufanye shughuli zako bila kumtazama wala kumsemesha. Atasimama, atajikung'uta, atalia kidogo, atakutazama kwa dharau. Acha. Ngoja ile pumzi ndefu inayotoka puani kwa mkupuo, na nyonga inayolala upande mmoja badala ya kukaa tayari kuruka. Hapo, bila neno, weka kipande kidogo cha ini katikati ya miguu yake ya mbele. Usisifu kwa sauti, atanyanyuka. Kesho fanya hivyohivyo. Anajifunza kwamba kutulia kunalipa, na kwa hilo hakuna aliyewahi kumlipa.

Kamba hiyo ni ya ukiwepo tu. Mbwa anayefungwa mnyororo peke yake kutwa ndiye huyohuyo uliyeletewa; ndivyo alivyoharibika. Na kumtesa mnyama hapa nchini ni kosa kisheria, ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Walezi wengi duniani hutumia kipimo cha siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu: siku tatu za kupigwa na butwaa, wiki tatu za kuanza kuonyesha tabia yake halisi, miezi mitatu ya kujiona yuko nyumbani. Si sheria, ila kinasaidia jambo moja: usishangae mbwa aliyekuwa mpole siku ya pili akianza vituko wiki ya pili. Hajaharibika. Amejisikia salama kiasi cha kujaribu.

Hatua ya 6: Ipe pua kazi

Chukua chakula chake cha asubuhi kilicho kikavu, kwa mfano dagaa waliokaushwa na vipande vya dona iliyogandishwa, kitawanye kwenye majani eneo la mkeka mmoja, kisha mwachie. Mara ya kwanza atakimbia huku na huku na kukosa vilivyo chini ya pua yake. Kisha kichwa kitashuka, mkia utashuka kutoka ule wima wa msisimko hadi usawa wa mgongo, na utaanza kusikia ile sauti ya kuvuta pumzi fupifupi. Mpe muda. Dakika 15 za kazi hiyo zitamlaza kuliko mbio za kuzunguka mtaa.

Baadaye mpandishie ugumu. Boksi la kadibodi lenye magazeti yaliyokunjwa na chakula katikati. Alirarue, ndiyo kazi yake, uokote makaratasi mwenyewe. Kikopo cha supu ya mifupa isiyo na chumvi wala kitunguu, kilichogandishwa kwenye friza, kwa mchana wa joto. Mtoto wa nyumbani afiche kitambaa chenye harufu ya ini nyuma ya ndoo, mbwa atafute. Mchezo huu wa mwisho unawapa watoto kitu cha kufanya na mbwa kisichohusu kukumbatiana wala kukimbizana, na hayo mawili ndiyo yanayoleta meno.

Hatua ya 7: Mikono, meno na kurukia watu

Inama kufunga kamba ya kiatu mbele ya mbwa aliyetoka mtaani, umtazame. Atajilaza bapa chini, au atarudi nyuma hatua mbili na masikio yamelala. Mbwa wote wa mitaa yetu wanajua mtu anayeinama anaokota jiwe. Kwa huyu mkono ulioinuliwa una historia, na fimbo itaithibitisha tu. Ukimchapa ataacha kunguruma, siyo kuogopa. Na mbwa aliyefundishwa asingurume ndiye anayeng'ata "bila kutoa taarifa". Kunguruma ni taarifa. Ishukuru, sogea, kisha fikiria kilichomtisha.

Kabla hajanguruma huwa ameshasema kwa njia nyingine: kulamba midomo wakati hakuna chakula, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza kichwa huku jicho likibaki kwako mpaka weupe unaonekana, mwili kukakamaa ghafla akiwa juu ya mfupa. Kila mtu nyumbani ajue dalili hizi. Mtoto aliye chini ya miaka kumi asiachwe na mbwa huyu peke yake, na asimsogelee anapokula au kulala. Hakuna kujadiliana hapo.

Anaporukia, ukimsukuma kwa mikono anaona umekubali mieleka. Geuka pembeni, kunja mikono, nyamaza. Miguu yote minne ikigusa chini, mpe kipande, kikishushwa chini. Wageni watakuharibia, hasa wale wa "mwache tu, mimi napenda mbwa", kwa hiyo akija mgeni mbwa awe kwenye kamba mpaka atulie. Anapouma mikono kwa mchezo, mpe cha kuuma kingine. Akiendelea, ondoka, funga mlango dakika moja, rudi. Kama ni saa za magharibi, usifundishe chochote. Mpeleke akalale.

Amri zinazotosha kwa mlezi wa muda ni chache: jina lake, "njoo", "kaa", "acha". Muulize mwokoaji anataka lugha gani. Wengi wanaochukua mbwa watasema naye Kiswahili, lakini wapo watakaotumia Kiingereza, na mbwa hajali ilimradi neno ni moja. Usimwite "njoo" kwa ajili ya kumfungia au kumpa dawa. Kwa hayo mfuate mwenyewe.

Hatua ya 8: Kubaki peke yake

Anza siku ya tatu au ya nne. Toka mlangoni sekunde chache, rudi kama vile hujatoka. Ongeza taratibu hadi dakika, hadi nusu saa. Beba funguo na mkoba bila kwenda popote, mpaka mlio wa funguo usimwambie kitu. Muda mzuri wa kumwacha ni baada ya matembezi na chakula, akiwa na kile kikopo kilichogandishwa. Akiharibu kitu ulipokuwa haupo, kumgombeza ukirudi hakuna maana, haunganishi. Ile sura ya "anajua amekosa" ni ya kuiogopa sura yako.

Radi za masika, fataki za mwaka mpya na matarumbeta ya harusi ni habari nyingine. Siku hizo mwingize ndani, washa redio, mwache ajifiche anapotaka, na hakikisha geti limefungwa kwa komeo. Mbwa mwenye hofu anaruka ukuta ambao siku za kawaida hata hautazami.

Hatua ya 9: Nje ya geti

Wiki ya kwanza haina ulazima wa kutoka, ua unatosha. Baada ya hapo nenda alfajiri, barabara zikiwa tupu, mkanda wa kifuani na ule wa shingoni vyote vikiwa vimeshikwa na kamba. Akivuta, simama. Kamba ikilegea, tembea. Siku za kwanza mtatumia muda mrefu kufika kwenye duka la jirani, na hamna haja ya kufika.

Bodaboda ndizo zitakazokusumbua. Kaa naye mbali na barabara, umbali ambao anaziona lakini bado anakula. Kila ikipita, kipande. Sogea karibu kwa siku, si kwa saa. Mkikutana na kundi la mbwa wanaozurura, geuka mapema bila kukimbia. Kwenye kiwanja cha wazi tumia ile kamba ya mita kumi, umwache anuse na kukimbia kwa mwendo wake, umwite mara mojamoja kwa kitu kitamu kisha umwachie tena. Kumfungua kabisa si kazi ya mlezi wa muda. Mbwa si wako, na akipotea huna jibu.

Hatua ya 10: Kumtafutia kwake

Wewe ndiye unayemjua sasa, kwa hiyo maelezo yake uyaandike wewe. Usimpambe. "Ni mpole na anapenda kila mtu" ni tangazo la kumrudisha baada ya wiki mbili. Andika: kijana wa mwaka mmoja hivi, amechanjwa na kuhasiwa, halii usiku, anakaa peke yake saa tatu, anafukuza kuku bila huruma, bado anarukia wageni wasipomnyamazia, anahitaji ukuta wa kweli. Anayefaa atasoma sentensi ya kuku na kusema kwake hakuna kuku.

Mwombaji umuulize mbwa atalala wapi, nani atakuwa nyumbani mchana, mbwa wa mwisho aliyekuwa naye aliishia wapi. Jibu la swali hilo la tatu lina mengi. Anayetaka "mlinzi mkali" wa kufungwa mchana na kufunguliwa usiku, mkatalie kwa heshima; huko ndiko alikotoka. Tembelea nyumba yake, ukague ua wake kama ulivyokagua wako.

Siku ya kukabidhi mpe kadi ya chanjo, ratiba ya siku iliyoandikwa, orodha ya maneno anayoyajua, chakula cha siku chache alichokizoea, na lile gunia lake bila kulifua. Mweleze kwamba atarudi nyuma kitabia kwa muda, atakojoa ndani, atalia, na kwamba ratiba ileile itamrudisha. Mpigie simu siku ya tatu, uulize analalaje kabla hujauliza anakulaje. Usiende kumtembelea wiki za mwanzo, hata wakikualika. Na wakisema wameshindwa, mpokee au mtafutie mlezi mwingine siku hiyohiyo, bila kuwasema vibaya, ili asije akafunguliwa mlango wa gari sokoni mara ya pili.